CNC mpya ya mezani au milingi kuukuu ya tani moja?

Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, au Iringa mjini akisema anatafuta mashine ya milingi, ile ya kuchonga chuma kwa kikata kinachozunguka, haraka anashauriwa achukue CNC ndogo ya mezani. Inatumia umeme wa nyumbani, inapita mlangoni, na kompyuta ndiyo inayoongoza kikata. Milingi ya mkono, lile dude la chuma cha kusubu lenye karibu tani nzima, inahesabiwa chuma chakavu.

Tunaionea. Tazama kazi zenyewe: mashine ya kumenya kahawa ya Mbozi imekata shafti, kiwanda cha mbao Mufindi kinataka flanji mbili, krasha ya Chunya imepasua kikalio cha beringi. Ni kipande kimoja au viwili, na vinatakiwa leo.

Tupige hesabu ya mfano. CNC ichukue saa 3 za kuchora, kuandika programu na kufunga kazi, kisha dakika 10 kwa kipande. Ya mkono ichukue dakika 20 za matayarisho na 40 kwa kipande. Kipande kimoja: CNC dakika 190, ya mkono 60. Vipande vitano: 230 kwa 220. CNC inaongoza kuanzia cha sita. Uwe mwepesi wa kompyuta, matayarisho yashuke hadi saa 1. Bado kipande kimoja ni dakika 70 kwa 60, na mwenye shafti anasubiri nje juu ya pikipiki.

Uzito nao ni mali. Fremu nyepesi hutetemeka ikikutana na chuma, hivyo unakwangua kidogo kidogo huku vikata vikivunjika. Wanasema skrubu za zamani zinazosukuma meza zinacheza. Kweli, lakini kisomaji cha dijitali hupima mwendo wa meza yenyewe, si mizunguko ya skrubu. Na mota yake ya fezi tatu, wakati nyumbani kuna moja? Mota iliyoandikwa 220/380 (volti) huunganishwa delta, yaani mtindo wa volti 220, ikaendeshwa na inveta ya mota (VFD) inayopokea fezi moja na kutoa tatu.

CNC ina haki yake kwenye maumbo ya kupinda na kazi inayojirudia, maana programu inabaki. Mwenye oda ya vipande hamsini kila msimu ainunue, ila iwe nzito.

Ukienda kuikagua hiyo kuukuu, kaza kabari za reli, vile vipande vinavyoondoa ulegevu wa meza kwenye reli zake, mpaka meza ibane kidogo katikati, kisha ipeleke mwisho. Ikigoma huko, reli zimelika katikati: omba bei ishuke sana, au ondoka.