Aliyeshikwa na mwakenya alijua majibu

Kila nikirudi Kenya naulizwa kama ni kweli wanafunzi wa Uingereza hawaibi mtihani. Wanaiba. Kabla sijahamia huku nililipwa kuwaandikia insha, usiku kucha kwenye kompyuta, na asubuhi mtu nisiyemjua anaweka jina lake. Sheria ya 2022 iliharamisha biashara hiyo England. Lakini wateja wangu hawakuwa wavivu wote. Wengine waliniandikia saa nane usiku wakisihi, na nikautambua woga wao.

Niliuona kwa rafiki yangu chuoni Kenya. Mwakenya yake, yaani kikaratasi cha kuibia mtihani (jina hilo tulilirithi kutoka kwa kundi la siri la miaka ya 1980 lililosambaza makaratasi kwa kificho) aliiviringa ndani ya mrija wa kalamu. Msimamizi alipoinyoosha ikawa ndefu kama utepe wa fundi cherehani, na humo nikaona kanuni zilezile alizonifundisha mimi wiki iliyotangulia. Alizijua zote! Alisimamishwa mwaka mzima, na hakuna aliyemuuliza kwa nini alinakili kitu kilichokuwa kichwani mwake.

Huku pia ukishikwa utaadhibiwa. Ila kabla ya mtihani kuna mlango wa kubisha. Muhula wangu wa kwanza nilikesha siku nne mfululizo kwa wasiwasi. Nikajaza fomu ya kuomba kuahirisha, nikaambatisha barua ya daktari, na somo moja nikalifanyia mtihani Agosti bila kupunguziwa alama. Mwenzangu hupewa dakika 15 za ziada kwa kila saa, katika chumba chenye watu wachache. Chuoni kwetu mtihani maalumu ulikuwa wa aliyelazwa hospitali. Mwenye woga aliambiwa ajikaze, na akifeli alipie sapu, yaani mtihani wa marudio, ambayo hata akipata 80 anaandikiwa 40.

Najua wapo watakaosema tunataka kuwadekeza vijana, dawa ni ulinzi. Mwaka 2016 serikali ilipokaza kamba kwenye KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, waliopata A walikuwa 141 tu nchi nzima. Nilifurahi, na bado naunga mkono. Lakini askari mlangoni hamtulizi mtoto anayetetemeka ndani.

Ningependa chuo kimoja tu cha kwetu kianze: fomu ya kurasa mbili, ijazwe kabla ya mtihani, na mtu wa kuisoma wiki hiyohiyo.