Pua yako haina kosa

"Jamani, pua langu hili!" Msichana ametoka kupiga selfi na tayari ameshajihukumu. Kabla hajaendelea, apime umbali. Simu iko sentimita 30 kutoka ncha ya pua, masikio yapo kama sentimita 12 nyuma zaidi. Kilicho karibu na lenzi hutoka kikubwa, kwa hiyo pua imekuzwa karibu mara 1.4 ikilinganishwa na masikio. Simu ikisogezwa hadi mita 1.5, tofauti hiyo hushuka hadi asilimia 8. Mwaka 2018 madaktari nchini Marekani walichapisha hesabu yao: kwa selfi ya sentimita 30, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30, ukilinganisha na upana wa uso. Na watu wanaomba wapasuliwe kwa sababu ya picha kama hizo.

Filta inakuja kutibu ugonjwa ambao kamera ndiyo imeuleta. Husoma uso kwa vialama vingi (mfumo wa MediaPipe wa Google hutumia zaidi ya 460), kisha huvuta: pua inabanwa, macho yanapanuliwa, kidevu kinachongwa. Kwa sisi weusi, nyingi huongeza na kutung'arisha, jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Tena filta si za TikTok na Snapchat peke yake. Simu nyingi hutoka dukani urembo ukiwa umewashwa ndani ya kamera yenyewe. Fungua kamera ya mbele, tafuta alama ya uso au ya kijiti chenye nyota, uvute kila kipimo mpaka 0. Kisha zima na zile za kila programu, maana kuzima ya kamera hakuzigusi.

Mtu akijiona kwa filta kutwa mara ishirini, jicho linaizoea ile sura. Kioo cha chumbani ndicho kinachoanza kuonekana kimekosea. Kutoka hapo hadi kwenye mkorogo si mbali, na mkorogo wenye zebaki huharibu figo, wenye kemikali ya hydroquinone ukipakwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi ya kibuluu yasiyotoka kirahisi.

Norwei, tangu Julai 2022, tangazo lenye mwili au ngozi iliyorekebishwa lazima liwekwe alama. Kwetu ningeanzia kwenye simu: ziuzwe urembo ukiwa umezimwa, anayeutaka auwashe mwenyewe.

Wenye mabinti, fanyeni jaribio hili leo jioni. Picha ya kwanza ajipige kama kawaida yake. Ya pili apigwe na mwingine aliyesimama hatua mbili mbali, kwa kamera ya nyuma, ikikuzwa mara 2, uso ukielekea dirishani. Ziwekeni pamoja, msiseme neno. Mwacheni atazame masikio: kwenye ya kwanza yamefichwa na mashavu, kwenye ya pili yamerudi mahali pake.