Mkanda wa Kashata

Mji wa Jamestown, magharibi mwa jimbo la New York, una ukumbi mdogo wa maigizo unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Umepewa jina la mzaliwa wa hapo hapo, mchekeshaji Lucille Ball, aliyezaliwa 1911. Sisi Waswahili wa Buffalo, mji ulio mpakani na Kanada, tuko zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kutoka huko, lakini kikundi chetu cha maigizo kikaona Lucille ni jirani. Tukachukua kile kisa chake cha televisheni cha 1952: wanawake wawili wanafunga chokoleti kwenye mkanda wa kiwandani, mkanda unazidi kwenda mbio, wao wanaishia kuzificha mdomoni na kifuani.

Chokoleti yenyewe tuliikataa mapema. Chini ya taa za jukwaani inalainika, inapaka turubai mafuta, na mkanda unateleza. Mama wa jikoni akaleta kashata za karanga za mraba. Za mviringo zingebiringika zenyewe hadi Kanada.

Mkanda ni turubai juu ya meza ya mita 2.4, umezungushwa kwenye mabomba mawili ya plastiki ya inchi 4 yenye beringi. Siku ya kwanza ulikimbilia kushoto na kudondoka, kwa sababu mshono ulikuwa umekaa mshazari: upande mmoja ulikuwa mfupi. Tukafumua, tukakata turubai kwa pembe mraba, tukashona upya. Kisha kila bomba tukalizungushia utepe katikati likatoa kitambi. Turubai hupenda kupanda palipo pana, kwa hiyo hubaki kati.

Kuzungusha ilikuwa kazi ya drili ya kuchaji iliyofungwa kwenye mhimili wa bomba. Bomba likizunguka mara moja, mkanda unasogea sentimita 36, na mzunguko mmoja kwa sekunde ndiyo kasi ya kuchekesha. Drili ikikamuliwa hadi mwisho, mkanda unapita mita 2 kwa sekunde, na hiyo si vichekesho tena.

Kijana wa drili alijilaza chini ya meza, nyuma ya kitambaa. Haoni kitu. Alipewa alama mbili tu: akisikia msimamizi wa kiwanda anasema "Ongeza!", akamue kidogo; akisikia "Simamisha!", aachie.

Msimamizi akasema mara moja. Dada zetu wakajaza mashavu, ukumbi ukaangua kicheko. Hapo mzee mmoja wa mstari wa pili akasimama, machozi yanamtoka, akapaza sauti: "Ongeza! Ongeza, mwanangu!" Na wajomba wote wakaitikia.

Kijana ni mtiifu. Akakamua.

Kashata zikaacha kuanguka kwenye beseni, zikaanza kuruka. Mimi nikiwa kwenye kamba ya pazia nikamwashiria dada aseme "Simamisha!", neno lililokuwa kwenye mchezo kabisa. Lakini kashata hazimezeki kirahisi: karanga na sukari ya kuungua hunyonya mate yote. Kilichomtoka ni "Fifafifa!" na unga. Watu wakadhani ndiyo uigizaji wenyewe, wakapiga vigelegele.

Kilichotuokoa ni betri kuisha.

Wakati huo mama mmoja wa mbele alikwishatandaza kitenge chake mapajani, amekikinga kwa mikono miwili. Mkanda uliposimama akamtazama msimamizi kwa masikitiko:

"Zimekwisha?"