Kombi ya zamani: diski, au dramu zilezile?

Kombi za Volkswagen zilizoundwa Ujerumani kabla ya Agosti 1970 zina breki za dramu, yaani ngoma ya chuma inayobanwa kwa ndani, kwenye magurudumu yote manne. Breki za diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili, zilianza kuwekwa mbele kwenye matoleo ya mwaka 1971, yaliyoanza kuundwa Agosti hiyo, na tangu hapo wenye Kombi kongwe hawaishi kubishana: tufunge diski au tubaki na za kiwandani?

Wanaotaka diski wana hoja nzito. Kombi ya mwaka 1950 ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 25 tu. Leo imejazwa kitanda, jiko, tangi la maji na familia nzima, na mara nyingi injini nayo imeshabadilishwa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne. Kwenye mteremko mrefu dramu hupata moto, hutanuka, pedali ikazidi kuzama. Diski iko wazi kwa upepo, hupoa upesi, na ikilowa hukauka upesi.

Ila dramu inayoshtakiwa mara nyingi ni dramu mbovu. Ukikanyaga mara ya kwanza pedali inaenda chini, ya pili inakuwa ngumu? Brekishuu, yaani viatu vinavyobana dramu kwa ndani, ziko mbali nayo. Ingiza bisibisi kwenye kitundu cha kurekebishia, zungusha nyota (gurudumu dogo la meno linalosogeza brekishuu) jino kwa jino hadi gurudumu likwaruze, kisha rudisha kidogo. Gari likivuta upande mmoja, shuku mipira ya breki, yaani hosi zinazopeleka mafuta kwenye magurudumu: nje inaonekana mizima, ndani imevimba hadi mafuta hayarudi. Na mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu, hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Mtu akiyafanya yote haya siku ileile anayofunga diski, halafu akazisifu diski, tutajuaje kilichomponya?

Diski nazo haziji peke yake. Dramu inapozunguka huvuta brekishuu na kusaidia kubana. Diski haina msaada huo, kwa hiyo mguu huchoka usipoweka busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki. Masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ya dramu yenye vali ya kubakiza presha itaziacha pedi zinazobana diski zikisugua muda wote. Ukitumia vifaa vya matoleo ya 1971 mbele tu, nafasi ya matundu ya rimu imebadilika kutoka milimita 205 hadi 112, na tairi ya akiba itafaa ama mbele ama nyuma, si kote.

Pesa yangu ya kwanza ningeipeleka kwingine: kwenye masta silinda ya mikondo miwili. Katika zile kongwe zenye mkondo mmoja, bomba moja likipasuka umepoteza breki za magurudumu yote. Diski ningezifunga kama injini imeongezwa nguvu au safari ni za milimani. Hata hivyo nyuma kwa kawaida hubaki dramu, handbreki inazitegemea hizohizo, na bisibisi ya kuzungushia ile nyota haitoki kwenye sanduku la vifaa.