Kabla ya kuchoronga, kisima kipimwe

Ukipanda treni ya reli ya kati kutoka Tabora kwenda Dodoma, utapita Manyoni. Hapo ndipo habari za utafiti wa urani, madini yenye mionzi yanayotumika kwenye vinu vya nyuklia, zinapotusogelea sisi wa Unyamwezini. Mbuga za Manyoni na za jirani yake Bahi, yaani mabonde tambarare yanayotuama maji, zilishachorongwa kwa mashine za kutoboa ardhi, na urani ikaonekana si mbali na uso wa ardhi. Mbuga za namna hiyo hata huku zipo: ndimo tunamolima mpunga, ndimo tunamochimba visima vya kiangazi. Mjomba wangu wa Sikonge, mfuga nyuki, akisikia neno urani huuliza jambo moja tu: maji je?

Tuseme haki kwanza. Utafiti si mgodi. Ndege huruka chini chini ikipima mionzi, kisha watu hutembea porini na vifaa vya mkononi, halafu huchorongwa matundu membamba na kipimo kikashushwa ndani. Anayesema kijiji kimeshachafuka kwa hatua hiyo tu anatia chumvi. Urani ilikuwemo ardhini kabla ya sisi sote. Kinachodhuru ni uzembe: matope ya uchorongaji kuachwa yakauke yapeperuke, tundu lisilozibwa likachanganya maji ya juu na ya chini, na njia ya mashine ikageuka barabara ya wachoma mkaa. Na wanaoulilia msitu wasiyasahau mabani yetu ya kukaushia tumbaku kwa kuni, ambayo yamekula miombo kwa miaka mingi bila urani yoyote.

Faida nazo zipo. Vijana hupata vibarua, na mgodi ukifunguliwa, sheria inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Lakini hilo neno "ukifunguliwa" ndilo linalonisumbua. Kule Mto Mkuju, Namtumbo, mpaka wa Pori la Akiba la Selous kama urithi wa dunia ulirekebishwa mwaka 2012 ili kuupisha mradi wa mgodi wa urani, na leseni ya uchimbaji ikatoka 2013. Bei ya urani ilikuwa imeanza kuporomoka baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya 2011, na mradi ukalala. Kiwanda cha majaribio kimezinduliwa 2025. Hiyo ni miaka 12, mtoto anaanza shule ya msingi na kumaliza kidato cha nne.

Kaskazini ya mbali ya Kanada kuna kijiji kinaitwa Baker Lake, cha wawindaji wanaotegemea makundi ya wanyama wanaohama. Mwaka 1990 walipiga kura, na karibu tisa katika kila kumi wakaukataa mgodi wa urani. Mradi ule ule, Kiggavik, ulirudi na kampuni nyingine. Mwaka 2015 bodi ya tathmini ikashauri usiruhusiwe, kwa sababu kampuni haikuweza kutaja tarehe ya kuanza. Serikali ikakubali 2016. Kwangu uamuzi ule ni wa busara. Madhara ya kitu kisicho na tarehe utayapimaje?

Sisemi watafiti wafukuzwe. Leseni ya utafutaji huanza na miaka minne, na inaweza kuongezwa. Wanakijiji waambiwe muda huo mbele ya mkutano, si kusikia mitaani. Kubwa zaidi, maji yapimwe kabla mashine haijashuka kwenye lori. Maji ya ardhini kwenye miamba yenye urani huweza kuwa nayo kwa asili. Bila kipimo cha mwanzo, mtoto akiugua baada ya miaka kumi, mzazi atailaumu kampuni, kampuni itakana, na hakuna atakayethibitisha lake. Asali nayo ipimwe, maana mnunuzi wa Ulaya huipima kabla hajalipa.

Kisima cha mjomba kina kamba, ndoo na gogo la kukanyagia. Kuchota chupa mbili pale hakumalizi dakika kumi. Moja iende Tume ya Nguvu za Atomiki, Arusha, nyingine kwenye maabara itakayochaguliwa na kijiji, na majibu yote mawili yabandikwe ofisi ya kijiji kabla tundu la kwanza halijachorongwa.