Siafu Mstarini

Kabla mwalimu wa fizikia hajamaliza kusambaza toleo lake la kisa changu cha jana mstarini kwenye magrupu yote ya Tukuyu, acheni mwenye miguu aseme. Sikuvua suruali chini ya bendera. Nilivua nyuma ya tangi la maji. Tofauti ni kubwa, hasa kwa mwenye suruali.

Mnajua Januari ilivyo. Njuka wa kidato cha kwanza wameingia. Miaka saba wamesoma hesabu, sayansi na kila kitu kwa Kiswahili, leo baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, hata ruhusa ya kwenda chooni Kiingereza. Mtoto akikutana nawe anafungua mdomo aseme shikamoo, anakumbuka, anaufunga, anapita ukutani kama mjusi. Mkuu akanipa mimi kazi ya kuwazoesha. Nikaanza kwa kubandika mlangoni mwa ofisi lile tangazo mnalolijua wote: "No English, No Service". (Mliosoma shule za kulipia tulieni, hii haiwahusu.)

Jana mstarini nikapanda kwenye tuta pembeni ya mlingoti. Mvua ilikuwa imekesha, na huku kwetu mvua ikikesha siafu nao wanahama. Nikamwaga hotuba: msiogope, hapa ni nyumbani, mwalimu ni mzazi, mwenye tatizo aje aseme. Kiingereza kitupu, na mikono juu.

Kanjuka kamoja ka mbele, sweta limekafika magotini, kakanyoosha kidole.

"Mwalimu, kuna..."

"In English!"

Kakashusha kidole. Kakatazama kiatu changu. Kakanyoosha tena. "Sir... sir..." Midomo ikachezacheza, haikutoka kitu. Nikakatia moyo kwa tabasamu. Sasa mstari mzima unatazama miguu yangu. Nami, kwa kuwa kiatu ni kipya, nikakisogeza mbele kidogo wakione vizuri.

Wadau, siafu hana haraka. Anapanda kistaarabu, anasubiri wenzake wafike. Nikasikia kitu chembamba kinatembea nyuma ya goti. Nikajiambia, jasho hilo. Jasho likapanda. Likapita paja. Nikanyamaza, kidole kiko hewani, neno "confidence" limefika nusu ulimini. Hapo ndipo wakang'ata, na si mmoja. Na siafu akishashika, ukimvuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kinaendelea na kazi.

Kiingereza kilikuwa cha kwanza kuondoka. Kiswahili kikafuata. Kilichobaki ni Kinyakyusa cha marehemu bibi, na nilikitoa kwa sauti iliyowasimamisha wauza ndizi barabarani. Niliruka tuta, nikaruka maua ya mkuu, mkono mmoja kwenye mkanda, mwingine msiuulize ulikuwa wapi. Mwalimu wa zamu akadhani nimepandisha mashetani, akaanzisha wimbo wa taifa.

Mengine ni tangi, kanga ya mama wa jikoni, na kufundisha vipindi vyote nimesimama.

Leo asubuhi nimekuta tuta limezungushiwa majivu, duara safi la kutosha mtu mmoja. Nimeuliza nani kamwaga, kwa Kiingereza. Kimya, wote wanaitazama bendera. Nikauliza kwa Kiswahili. Kanjuka kangu kakajibu haraka: "Sir, no English, no service."

Mwalimu wa fizikia alikuwepo. Subirini toleo lake.