Shamba Moja, Panda Mbili

Mama mwenye nyumba wangu hapa Rau, Moshi, ndiye mweka hazina wa kikoba. Jumanne moja kimbelembele kikanipanda: "Mama, hilo daftari niachie mimi. Nitakutengenezea programu, hesabu zote sekunde moja." Kikao kilikuwa Jumamosi.

Usiku huo huo nikainstoli pandas, ile maktaba ya kushughulikia majedwali katika Python, lugha ya kuandikia programu, na mwenzake openpyxl, maana bila huyo faili la Excel halisomeki. Zikaingia bila kelele. Nikaandika mistari yangu sita, nikaendesha. Ujumbe: pandas haina kitu kinachoitwa read_excel, yaani ile amri yenyewe ya kusoma faili la Excel.

Haina? Hiyo ni sawa na kuambiwa Moshi hakuna ndizi.

Nikainstoli tena. Pip, ile programu inayoinstoli maktaba za Python, ikanijibu kwa adabu kwamba nilichoomba kipo tayari. Nikaendesha: hakipo. Mangi wa dukani anaapa chumvi umeshachukua, huku jikoni mboga chapwa. Nikaitoa pandas, nikairudisha. Nikang'oa Python yenyewe, nikaipachika upya. Jumatano usiku nikaamua kwamba chatu amenishinda, labda anakonda nitamweza. Nikaanza kushusha Anaconda, furushi lenye Python na maktaba zake humo humo, mzigo unaokaribia GB 1, kwa bando la simu! Ilipofika asilimia 83 bando likakata roho. Nikabaki naitazama ile 83 kama mtu aliyeachwa na basi huku begi lake limo ndani.

Alhamisi asubuhi mama akaja na bakuli la mtori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, usiku kucha nakusikia, panda imekataa, panda imekataa. Sisi wenzako mahindi tumeshamaliza. Wewe unapanda nini humo ndani?"

Nikamweleza kwamba hapa hakuna kupanda. Ni kitu alichokianzisha Mmarekani mmoja, Wes McKinney, mwaka 2008, na jina limetokana na neno la wanatakwimu, panel data. Mama akanisikiliza vile anavyowasikiliza wanaodaiwa. Kisha akashusha miwani kutoka kichwani, akainamia kioo.

"Hapa juu pameandikwa panda. Hapa chini panda. Shamba moja unapanda mara mbili?"

Pale juu palikuwa na jina la faili langu: pandas.py. Jina hilo nililichagua mwenyewe, kwa mbwembwe za Jumanne.

Sasa Python ukiiambia ilete pandas, huanza kupekua folda ile ile yenye programu yako kabla ya kwenda kwenye maktaba ulizoinstoli. Ikakuta faili langu, ikaridhika. Siku mbili faili langu lilikuwa linajiita lenyewe na kujidai lenyewe hiyo read_excel ambayo halina. Na ule ujumbe, huko mwishoni kabisa, ulikuwa umedokeza kwamba huenda kuna mzunguko wa namna hiyo. Mimi kila mara niliishia katikati ya mstari, hasira zimenipanda.

"Niliite nini, mama?"

"Si umeshapanda? Vuna."

Nikaandika vuna.py, nikaendesha. Jedwali likashuka kama mvua ya masika, na chini kabisa jumla: 1,860,000.

Mama akafungua daftari lake, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Kwa kalamu ya bluu: 1,860,000.

"Nilimaliza juzi wakati nasubiri maharage yaive," akasema. "Kula mtori, unapoa."